Gololi Namba 48 kwenye Mtihani wa Historia

KITUO CHA POLISI CHA COLONIA ARRECHEA, MKOA WA ENTRE RÍOS

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Lalamiko la Bw. Rubén Osuna juu ya hila katika mtihani wa Historia, na kupotea kwa gololi moja, mali ya shule
Jina la shahidi: Elvira Ramona Gottig
Umri: Miaka 59
Kazi: Mwalimu wa Historia na Jiografia, shule ya sekondari ya hapa mjini
Makazi: Nyuma ya stesheni ya zamani ya reli, nyumba yenye geti la kijani
Tarehe: Alhamisi, 28 Februari 2019, kuanzia saa tatu asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema haya kwa hiari yangu, bila kutishwa na mtu wala kuahidiwa kitu. Sajenti Walter Ifrán ameniomba niende polepole kwa sababu anaandika kwa mkono. Nimemwambia nilimfundisha miaka mitatu na hata wakati ule alikuwa anaandika polepole. Ameomba hilo lisiingie. Nimemwambia liingie, maana ameniapisha niseme yote.

Kila Februari, kabla shule hazijafunguliwa, wanafunzi walioanguka somo mwezi wa Desemba hurudi kufanya mtihani wa mdomo mbele ya walimu watatu. Mwaka huu kwenye meza ya Historia tulikuwa Mwalimu Horacio Pressel, mwenyekiti, ambaye ndiye aliyewafundisha mwaka mzima, Mwalimu Daniela Cardozo, kijana aliyetoka chuoni juzijuzi, na mimi.

Mtihani wenyewe unaendeshwa kwa kizimba. Sajenti anasema anakijua, amekitolea jasho, ila nieleze kwa ajili ya mwendesha mashtaka aliyeletwa hapa kutoka mbali. Ni tufe la waya lenye mpini na kimlango. Ndani mna gololi tisa za mbao, kila moja na namba ya mada moja ya mwaka. Mtahiniwa anazungusha, gololi inaanguka, na mada iliyoanguka ndiyo atakayoisema. Hata bibi yangu alitahiniwa hivyo. Kizimba hichohicho huwa tunawaazima zimamoto wa kujitolea wanapofanya bingo yao, kwa sababu chao kilikanyagwa na gari lao wenyewe la kuzimia moto. Hilo si siri, mji mzima tulicheka.

Jumamosi tarehe 23 zimamoto walicheza bingo. Walitoa gololi zetu tisa, wakaweka zao tisini. Jumatatu wakarudisha kizimba kikiwa na gololi tisa, wakaaga, wakaenda zao. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi.

Mnamo tarehe 26 Februari, Jumanne, saa mbili asubuhi, tulikaa mezani. Joto lilikuwa limeshaanza kuchoma na feni ya chumba kile inapiga kelele tu, upepo haina. Kanuni inasema mwenyekiti afungue kizimba na kukagua gololi mbele ya watahiniwa. Mwalimu Pressel alifungua, akahesabu kwa sauti mpaka tisa, akafunga. Gololi alizihesabu. Namba hakuzisoma, kwa sababu miwani yake ilikuwa mfukoni. Mwalimu Pressel anaamini miwani inamzeesha. Ana miaka sitini na tatu.

Aliyeanza alikuwa Ulises Osuna, mtoto wa mlalamikaji. Alizungusha mpini kwa mbwembwe, ikaanguka namba 3, vita vya uhuru. Akasema watu walikuwa wanateseka, wakachoka, wakapigana, wakapata uhuru. Nikamwuliza, "Uhuru kutoka kwa nani, mwanangu?" Akafikiri, akasema, "Kutoka kwa maadui." Mwalimu Daniela akajaribu kumwokoa: "Maadui gani?" Akasema, "Wale wa wakati ule." Tulimpa mbili kwa kumi. Hakukasirika hata kidogo. Alitoka anapiga mluzi, gololi ikarudishwa kizimbani.

Wa pili alikuwa Rocío Altamirano, miaka kumi na minane. Huyu naomba nimweleze kidogo. Mama yake ni mshonaji, baba hayupo, na somo lililombakia ni Historia peke yake. Akifaulu anapata cheti cha sekondari, na kwa cheti hicho anaandikishwa chuo cha uuguzi huko Paraná, ambako jina lake limeshatoka. Uandikishaji unafungwa kesho Ijumaa saa sita mchana. Akishindwa, nafasi inakwenda kwa mwingine. Aliingia na sare iliyopigwa pasi hadi mishono inaonekana.

Akazungusha. Gololi ikaanguka. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Soma namba, binti," Mwalimu Pressel alimwambia.

"Arobaini na nane, mwalimu."

Nakumbusha kuwa mada ziko tisa.

Huko mlangoni mtu akapaza sauti, "Maiti anayesema!" Foleni nzima ya watahiniwa ikaangua kicheko. Hapa kwetu hakuna nyumba isiyocheza bahati nasibu kwa ndoto: ukiota mwendawazimu unacheza 22, ukiota maiti anaongea nawe unacheza 48. Mimi mwenyewe nilicheka, sikatai. Mwalimu Pressel hakucheka. Alidhani msichana amekuja na gololi yake mfukoni kumfanyia dhihaka. Akasimama, uso mwekundu.

"Mtihani wako nimeufuta. Toka nje!"

Rocío akaweka viganja vyote viwili mezani. "Mwalimu, naapa, nguo yangu haina hata mfuko." Na kweli haina, mama yake ameishona mwenyewe.

Hapo damu ilinichemka. Nikamwambia, "Horacio, keti. Na uvae miwani."

"Elvira, usinifundishe kazi."

"Kazi unaijua. Nakukumbusha kusoma tu. Haya, mimina gololi zote mezani."

Akamimina. Akavaa miwani. Tulikuwa na 1, 2, 3, 4, 5, 7, 8, 9, na 48. Sita haikuwepo. Mwalimu Daniela akasema, "Bingo!" halafu akaziba mdomo. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Zimamoto walipopakia gololi zao, moja yao ilibaki kwetu na moja yetu ilikwenda kwao, na hesabu ikatimia tisa. Mwalimu Pressel alimwomba Rocío radhi mbele ya foleni nzima. Naomba hilo liandikwe, maana ni mkali lakini si mtu wa kiburi cha bure.

Tukabaki na swali la kufanya nini. Mwalimu Pressel alitaka azungushe upya. Mwalimu Daniela alitaka tuachane na kizimba, aulizwe swali dogo kwa kila mada. Mimi nikasema, "Arobaini na nane imekalia kiti cha sita. Basi ni sita." Wenzangu walikubali. Sajenti ananiuliza hapa kama nilijua kuwa Rocío aliisoma mada ya sita. Sikujua. Nilichojua ni kwamba anaziogopa zote sawasawa. Tulipomwuliza mwenyewe alijibu, "Yoyote ile, walimu wangu, mradi msinifukuze."

Mada ya sita ni wahamiaji, makoloni ya wakulima na reli. Alianza vibaya. Alisema sheria ya wahamiaji ni ya mwaka 1867, kumbe ni ya 1876. Akagundua kakosea, machozi yakamlenga. Mwalimu Pressel akaacha tarehe akamwuliza, "Ukiitazama ramani ya reli za zamani, unaona nini?" Rocío akauliza kama anaruhusiwa kushika gololi. Akaruhusiwa. Akazipanga mezani: hii ni bandari ya Buenos Aires, hii ni Rosario, hii Córdoba, hii Mendoza, hii Tucumán. Akachora njia kwa kidole, moja baada ya nyingine, zote zinaishia bandarini. Akasema, "Angalieni, hizi mbili ni jirani, lakini mtu wa huku akitaka kwenda kule, reli inampitisha mbali kwanza. Reli haikujengwa ili watu watembeleane. Ilijengwa ili ngano itoke." Mwalimu Pressel akamwuliza, "Nani alinufaika?" Akajibu. "Nani hakunufaika?" Akajibu na hilo, akataja vijiji vilivyokufa treni ilipoacha kupita, na cha kwanza alikitaja hiki chetu. Alipomaliza, kule mlangoni hakuna aliyekuwa anacheka. Tulimpa saba. Mimi ningempa nane, ila ile tarehe.

Sajenti ananiuliza: inakuwaje mtu aliyepata mbili Desemba apate saba Februari? Anauliza kwa sababu Bw. Osuna ameliandika hilo kwenye lalamiko lake na kulipigia mistari miwili. Nitajibu, na nisikatizwe.

Mtihani wa Desemba ulikuwa wa maandishi, wa kuchagua a, b, c au d. Mwalimu Pressel anaupenda huo kupita kiasi. Ana kipande cha boksi alichokitoboa matundu, anakiweka juu ya karatasi, penye tundu pakiwa na alama ya mwanafunzi ni vema, pasipokuwa nayo ni kosa. Darasa zima analimaliza kibuyu changu cha yerba, chai yetu ya majani machungu, hakijapoa. Sikatai, una faida yake. Unagusa mada zote tisa kwa saa moja, na mwalimu hawezi kumpendelea anayemfurahisha wala kumwonea anayemkera. Lakini hauulizi "kwa nini." Anayebahatisha anaondoka na robo yake bila kujua kitu. Na mtu kama Rocío unamwua. Nimeiona karatasi yake ya Desemba. Alikuwa anaweka alama kwenye b, halafu pembeni anaandika, "lakini hata c, kama mwaka ule mavuno yalikuwa mabaya." Boksi halisomi pembeni.

Insha nayo ina yake. Mwenye maneno mengi anakuzungusha kurasa nne, ukifika mwisho unakuta hajasema lolote, na umeshampa sita kwa mwandiko mzuri. Mtihani wa kushtukiza unakuonyesha nani alisoma jana, na nani anaumwa tumbo akiona karatasi. Kweli-au-si-kweli ni kurusha sarafu, Mungu anisamehe, nami huutoa nikichoka. Mwalimu Daniela anataka tuwapime mwaka mzima, kidogo kidogo, kazi kwa kazi, na mwanzoni nilimcheka, nikamwambia, "Binti, nitayabeba madaftari hayo kwa mkokoteni?" Siku hizi simcheki. Na lile jaribio la Machi, shule zikifunguliwa, ambalo halina alama, la kuona tu watoto wamekuja na nini kichwani, hilo wazazi hawalithamini hata kidogo. Wanauliza, "Kapata ngapi?" Ukiwaambia halina ngapi, wanaona umepoteza muda wa mtoto. Mimi ningeambiwa nibaki na moja tu, ningebaki na hilo. Mpishi anaonja mchuzi ungali jikoni, ukishafika mezani umeonja ili iweje?

Huu wa mdomo naupenda kwa sababu unamwona mtu. Akikwama unamgeuzia swali, unamfuata mpaka mahali anapojua. Lakini una tundu lake kubwa na sitalificha. Kizimba kinapima bahati. Aliyesoma mada moja anaweza kuiangukia, na aliyesoma nane anaweza kuangukia ya tisa. Sajenti amecheka hapa. Namkumbuka vizuri, yeye alisoma moja tu, akaiangukia.

Baada ya hapo, Jumanne jioni, Bw. Rubén Osuna alikuja shuleni. Ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, na sauti yake imezoea kuita ng'ombe walio mbali. Alisema gololi 48 iliwekwa kwa makusudi ili yule msichana apewe mada ambayo sisi walimu tulikubaliana naye. Nikamwambia, "Mzee Osuna, asiyekubali kushindwa si mshindani." Hilo lilikuwa kosa langu. Lilimpandisha mori. "Mshindani gani, wakati kizimba kina maiti?" alisema. "Mimi mwanangu kasoma! Nyumbani kwangu Historia imesomwa mpaka mbwa anaijua!" Jana Jumatano akaja hapa kituoni kufungua lalamiko. Anataka mtihani wote ufutwe, wote warudie mwezi wa Julai. Mkuu wa shule, mama mwoga kuliko wote ninaowajua, akakifungia cheti cha Rocío kwenye droo mpaka polisi wamalize.

Kwa hiyo Sajenti ajue anachokiandika ni nini. Chuo cha uuguzi hakitasubiri Julai.

Sasa nasema jambo ambalo Rocío akilisikia atanichukia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Bw. Osuna amekosea kuhusu hila, hila haikuwepo. Mkuu wa zimamoto ameileta sita asubuhi hii, ilikuwa kwenye mfuko wao wa bingo, na sasa iko hapa mezani ndani ya nailoni, imeandikwa kielelezo A, hata sikuruhusiwa kuigusa. Lakini kuhusu mwanawe ana hoja. Ulises alipozungusha, sita haikuwemo kizimbani. Angezungusha mpaka jogoo aote pembe asingeipata. Na nilipomkuta mzee huyu kwenye kibaraza cha kituo leo asubuhi, nikamwuliza kwa utulivu, "Kijana aliisoma mada gani zaidi?" akanijibu, "Ya sita, mwalimu. Ya sita tuliisoma mpaka kitabu kikachanika." Mtihani wa Rocío ni halali kwa sababu tuliirekebisha kasoro kabla hajafungua mdomo. Wa Ulises haukurekebishwa. Kijana anatudai mtihani.

Sajenti ameacha kuandika. Ananiuliza kama najua kuwa maneno hayo yanaweza kuangusha kila kitu. Najua. Nimemwuliza na mimi: walimu wote watatu tumeitwa hapa leo, Ulises na baba yake wako kibarazani, gololi ya sita iko mezani kwako. Tunangoja nini?

(Maelezo yamesimama saa nne na nusu kwa sababu zinazoelezwa hapa chini. Yanaendelea saa sita kasoro robo.)

Mwalimu Pressel alimpigia simu mkuu wa shule. Mkuu akasema fanyeni mtakavyo, mradi jina lake lisitajwe. Hakuna kanuni niijuayo inayosema mtihani ni lazima ufanyike darasani. Tuliweka meza ya Sajenti uani, kwenye kivuli cha ukuta, viti vitatu upande wetu na kimoja upande wa kijana. Bw. Osuna alikaa kwenye benchi nyuma ya mwanawe. Rocío alikuwa amekuja kutoa maelezo yake, na mama yake. Walisimama mlangoni, hawakutaka kukaa. Mama alimshika binti kiwiko muda wote.

Mwalimu Pressel alitaka kijana azungushe kizimba. Nikakataa. Sita ndiyo aliyonyimwa, apewe sita. Sajenti aliitoa kwenye nailoni mwenyewe, akaiweka mezani.

"Haya, Ulises," Mwalimu Pressel alimwambia, na safari hii miwani alikuwa nayo usoni. "Tueleze habari za reli."

"Reli…" Ulises alianza. "Reli zilijengwa."

"Vizuri. Kwa nini?"

"Ili treni zipite."

Nyuma yake Bw. Osuna alikuwa anachezesha midomo bila sauti. Mwalimu Daniela akauliza mataruma ya reli yalitengenezwa kwa mti gani, swali jepesi, la kumpa pumzi. Ulises akatazama juu. Baba akashindwa kujizuia.

"Kebracho! Mti wa kebracho, mwanangu, tulisoma juzi! Mgumu kuliko chuma, walimaliza misitu ya kaskazini yote!"

"Mzee Osuna, nyamaza," Sajenti alimwambia.

"Nimenyamaza."

Mwalimu Pressel akauliza swali lake lile, kwa nini reli zote zinaishia bandarini. Ulises akainamisha kichwa. Nilimgeuzia swali mara mbili, nikamrahisishia kila nilivyoweza, nikamwuliza maziwa ya baba yake yanakwenda wapi. Akasema, "Dukani." Basi mzee akanyanyuka pale kwenye benchi.

"Si kwa sababu ya bei!" alisema, na mikono yake yote ikaanza kuongea. "Si kwa sababu kampuni ilikuwa ya Waingereza, na Mwingereza anataka ngano ifike melini, ya nini kuunganisha kijiji na kijiji? Anayeshika bandari anapanga bei, na wa huku ndani anapokea anachopewa. Mpaka leo ndivyo ilivyo! Mimi na maziwa yangu ndivyo ilivyo! Halafu wahamiaji waliahidiwa ardhi, wengine walipata, wengine wakaishia kuwa wapangaji maisha yao yote, na hilo liko ukurasa wa pili wa mada, kwenye kisanduku, watu hawakisomi kisanduku!"

Akaona tunamtazama. Akavua kofia.

"Samahani. Endeleeni na mtoto."

Hakuna aliyeendelea na mtoto. Mwalimu Pressel alimgeukia mzee. Kisha akamwuliza, taratibu kabisa, "Na ile sheria ya wahamiaji, Mzee Osuna, ni ya mwaka gani?"

"Elfu moja mia nane sabini na sita."

"Umesoma wapi?"

"Sijasoma. Niliacha nina miaka kumi na minne, baba alivunjika mgongo, ng'ombe hawakujua hilo, walitaka kukamuliwa. Huyu ndiye nimekuwa nikimsomea. Februari yote. Mada zote tisa, kwa sauti, hukohuko zizini, yeye amekaa kwenye ndoo."

Nikamgeukia Ulises. "Na wewe ulikuwa unasikiliza?"

"Nilikuwa na vidude vya muziki masikioni, mwalimu," alisema. "Nafanya mazoezi ya ngoma za karnavali. Nilimwambia. Baba, si nilikwambia? Nilikwambia ukafanye wewe."

Ua zima likacheka, na wa kwanza alikuwa Rocío, ambaye sikuwa nimemwona akicheka tangu Jumanne. Bw. Osuna hakucheka. Alikaa pale kwenye benchi, kofia magotini. Nilidhani atamchapa kijana kofi. Badala yake alisema, "Kumbe hajui kitu."

"Mzee wangu," nilimwambia, "hilo ndilo tulilokuwa tukikwambia tangu Machi, kwa karatasi za kila namna. Wewe ulikuwa unatazama namba tu."

Sikumwambia kwa kumkomoa. Nilimwonea huruma, na pia nilimwonea wivu yule kijana, maana mimi nilisomewa na nani?

Mwalimu Daniela akamwuliza mzee swali moja la mada ya tatu, Mwalimu Pressel moja la mada ya nane, mimi moja la tano ambalo nalihifadhi kwa ajili ya wajuaji. Yote alijibu, la kwangu alilijibu nusu na kubishana nami nusu, na kwenye ubishi alikuwa na haki. Tukanong'onezana. Mwalimu Pressel akasimama, kwa sababu matokeo husomwa kwa kusimama.

"Osuna, Ulises: mbili. Osuna, Rubén…" Hapo akasita, akalitazama jalada la matokeo. "Osuna, Rubén: nane. Lakini hapa hakuna mstari wa baba."

"Basi nichoreeni," mzee alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, wala hakutania. Mwalimu Pressel akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Nikamweleza mzee kwamba masomo ya watu wazima yanaanza Machi, jioni, jengo lilelile, na kwamba nane ya leo hatuwezi kumwandikia, atakuja kuipata tena mbele ya meza, kama kila mtu. Akauliza kama kuna kizimba. Nikamwambia kipo. Akasema atakikagua mwenyewe.

Kisha akamwambia Sajenti, "Lifute lile jambo langu." Akamgeukia Rocío. Alihangaika kutafuta neno, halikuja, akamwuliza basi la Paraná linaondoka saa ngapi. Rocío akasema alfajiri. Akamwambia, "Lori langu la maziwa linaondoka kabla ya basi. Mama naye aje, mbele kuna nafasi ya watatu." Mama yake Rocío akakiachia kile kiwiko.

Niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu ni hayo. Nimesomewa, nimeyaelewa, na nimemsahihisha Sajenti sehemu nne, ambazo amezikubali. Sina la kuongeza, isipokuwa kwamba kizimba kirudishwe shuleni kikiwa na gololi zetu, na safari hii zisomwe.

(Sahihi) E. R. Gottig

TAARIFA YA AFISA: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajenti Walter Ifrán, na kumsomea shahidi. Gololi namba 6 imekabidhiwa kwa shule; gololi namba 48 imekabidhiwa kwa zimamoto. Mkuu wa shule amejulishwa kwa simu saa sita na dakika tano, na cheti cha Rocío Altamirano kimetolewa kwenye droo na kukabidhiwa kwa mwenyewe. Bw. Rubén Osuna ameondoa lalamiko lake kwa hiari na kutia sahihi. Kabla ya kusaini aliomba sehemu moja irekebishwe. Kwenye nafasi ya elimu ya mlalamikaji, jana aliniambia niandike "hakumaliza." Leo ameniambia nikate, niandike "anaendelea." Nimekata. Nimeandika.

(Sahihi) Sjt. W. Ifrán